Kiingereza cha Nyuma ya Ukuta

Ikuti, Jumapili 1 Machi 1992

Leo kanisani wamesoma tangazo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza watu walikuwa wanakohoa. Chuo cha uuguzi cha misheni kinataka wanafunzi wapya. Mwombaji awe amemaliza kidato cha nne. Asiwe ametimiza miaka thelathini ifikapo mwisho wa Juni. Usaili ni tarehe 29 Mei, Tukuyu mjini, wote kwa Kiingereza, wa kuandika na wa kuzungumza.

Natimiza thelathini tarehe 11 Julai. Nimeponea kwa siku kumi na moja. Mwakani hawataniangalia kabisa.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1981 na Kiingereza nikakiacha hukohuko, pamoja na kitanda cha bweni. Tangu hapo nimechuma chai, nimeolewa, nimemzaa Winfrida, nimelima, nimechuma chai tena. Miaka kumi na moja sijamwambia mtu sentensi moja ya Kiingereza. Nimeanza daftari hili leo kwa sababu nikikaa kimya nitapasuka.

Jumatano 4 Machi

Mvua. Chai. Mvua.

Jumamosi 7 Machi

Nimezunguka wiki nzima kutafuta mwalimu. Wa sekondari anafundisha jioni huko mjini, na mimi jioni natoka shamba la chai nikiwa na tope hadi magotini. Wengine wananiambia, tena kwa kucheka, kwamba natafuta maji na huku naishi mtoni. Ikuti nzima inajua nani ana Kiingereza. Ni mkwe wangu, Mzee Andrea. Alikuwa mkalimani wa bomani Tukuyu enzi za Waingereza, kisha akafundisha middle school hadi alipostaafu. Watu wanasema alikuwa akitafsiri kesi ya ng'ombe, ng'ombe mwenyewe anaridhika.

Ila mimi ni mkamwana wake. Kwetu mke wa mtoto humwogopa baba mkwe, wazee wanaita ukutila. Simtazami, hanitazami, hatusemeshani, hatupishani njiani. Yeye hukohoa kabla hajatoka nyumbani ili nipate muda wa kujificha jikoni. Miaka tisa naishi kwenye boma lake na sura yake siijui. Vijana wa mjini wanatucheka, wanasema mambo hayo yamepitwa na wakati, siku hizi kila kitu ruksa. Mimi miguu yangu haijasikia habari za ruksa. Ikisikia kikohozi inakimbia yenyewe.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi nataka cha barazani, na siruhusiwi hata kuinua macho.

Nimemweleza Mama mkwe. Ameendelea kumenya ndizi, nikadhani hajanisikia. Halafu akasema, "Kwani daftali nalo ni mkamwana? Andika. Mimi nitapeleka."

Jumanne 10 Machi

Mzee amekubali. Daftari limerudi likiwa na mwandiko ulionyooka, wino wa bluu. Ameandika kwa Kiswahili kwamba tutaanza na wakati, maana ndicho kitu cha kwanza Mzungu atakuuliza na cha mwisho atakachokulaumia. Kila aliyeingia bomani aliulizwa amekuwa wapi muda wote huo. Mwenye kujibu vizuri alipewa kiti.

Kisha ameniorodheshea maneno. Wakati ukichosha, kwao unajikokota, drag on. Ukipendeza, unaruka, fly by. Usipouangalia unakuponyoka, slip away. Miaka inabingirika, roll by. Niandike sentensi kumi za maisha yangu mwenyewe, nisimwandikie za mtu wa kwenye kitabu.

Nimekaa na kalamu mpaka chai imepoa. Kwetu siku hukatika, au huyoyoma, basi, mtu anaendelea kulima. Hawa wenzetu wakati wao una miguu na mabawa, na kila unapokwenda lazima useme umekwendaje.

Jumamosi 14 Machi

Sentensi kumi, makosa tisa.

Alhamisi 19 Machi

Barua ya Anyitike kutoka Tunduma. Mume wangu anauza mitumba pale mpakani mwaka wa pili sasa. Anasema biashara imefunguka, suruali za Wazungu zinaisha kabla marobota hayajafunguliwa vizuri, anahitaji mtu wa kukaa kibandani. Kuhusu chuo hajakataa. Ameandika: "Jaribu. Ukikosa mwaka huu unakuja huku na Winfrida, tusiendelee kuishi kama kaka na dada."

Ana haki yake. Lakini nikikifikiria kibanda kile na kelele zake napata joto kifuani. Nataka kuwa nesi tangu nilipomzaa Winfrida, na nesi wa zahanati, Modesta, akanishika mkono saa tisa mfululizo bila kuuachia. Nilitaka mkono ule uwe wangu.

Jumamosi 28 Machi

Leo nimemkasirikia mwalimu wangu. Niliandika kwamba miaka imenimaliza. Amekata kwa mstari na kuandika pembeni: Miaka haimmalizi mtu. Years go by. Ni wewe uliyekaa.

Nikamjibu kwa Kiswahili chini ya mstari wake. Baba, sikukaa. Nilikuwa nachuma chai inayonywewa na hao wenye mabawa.

Mama mkwe amelipeleka bila kujua amebeba nini.

Jumapili 29 Machi

Amejibu. Hakuna kosa lililokatwa. Ameandika tu: Sentensi hii ipeleke kwa Kiingereza, ni nzuri kuliko zote.

Nimeipeleka. Imekuwa na kosa moja.

Jumapili 5 Aprili

Mvua wiki nzima. Mlima Rungwe hatujauona tangu Jumatatu. Kuna jambo linanisumbua. Herufi za Mzee zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na mistari inapanda kilima. Sentensi moja ameisahihisha mara mbili, mara ya pili juu ya ile ya kwanza. Nimemuuliza Mama mkwe kama Mzee ni mgonjwa. Amesema uzee ndio ugonjwa wake.

Jumatatu 13 Aprili

Leo daftari limerudi tupu, bila alama yake hata moja.

Nilikaa nalo nikifungua kurasa mbele na nyuma. Nilidhani nimemkosea. Nilidhani amechoka nami, au Anyitike amemwandikia. Nikamfuata Mama mkwe kisimani, nikamwambia kama Mzee hanitaki tena aniambie waziwazi. Akaweka ndoo chini. Akasema tangu mwezi wa kwanza Mzee anaona ukungu. Modesta alishamchungulia kwa tochi na kusema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Sentensi zangu alikuwa akizisoma mlangoni kwenye mwanga, pua ikigusa karatasi, na tangu Jumamosi hata hivyo haoni kitu. Daftari amelishika siku mbili, kisha amesema lirudishwe.

Nikalia pale kisimani. Nasema ukweli, sehemu ya kilio ilikuwa yangu mwenyewe. Wiki sita na nusu zimebaki na mwalimu wangu haoni.

Mama mkwe aliniacha nimalize. Halafu akasema kitu ambacho hata sasa nikikiandika nacheka. Akasema, "Atanifundisha mimi."

Nikamwambia, Mama, wewe hata Kiswahili kinakupa taabu.

"Ndiyo maana nahitaji kusoma," akasema. "Mimi nakaa balazani na mume wangu, ananifundisha Kiingelesa. Kuna ubaya? Na wewe uko jikoni unamenya ndisi. Kuna mtu amekutasama? Kama ukuta una masikio, ni shauli ya ukuta."

Jumanne 14 Aprili

Tumeanza. Jiko letu limeungana na baraza kwa ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma. Nakaa uso ukutani, sufuria mapajani. Upande wa pili nasikia sauti ya Mzee, nzito, haina haraka, na Kiingereza chake kinatoka kama kimepigwa pasi. Anasema sentensi. Mama mkwe anairudia, imevunjika vipande vitatu. Kisha anasema kwa sauti kubwa, kama anaita kuku, "Sasa mwanafunsi ajibu." Ndipo mimi najibu, namjibu Mama mkwe, na Mzee anamsahihisha Mama mkwe makosa ambayo nimeyafanya mimi.

Leo Bibi wa watu amesahihishwa mara kumi na nne na amevumilia zote.

Jumatano 22 Aprili

Adui yetu sasa ni bati. Mvua ikishuka hakuna linalosikika, hata sauti ya bomani. Tunangoja ikate, tunawahi, inarudi. Leo tumepata dakika ishirini tu. Nilisimama, nikakaa, nikaenda mlangoni kuangalia wingu, nikarudi. Ndizi nimezimenya mpaka nimekata kidole. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeshaumia.

Alhamisi 30 Aprili

Mama mkwe amemwambia jogoo aliyechelewa kuwika kwamba taimu isi lani auti, yaani time is running out, muda unakwisha. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Na upande wa pili nikamsikia Mzee anacheka. Miaka tisa sikuwahi kumsikia akicheka.

Jumatatu 11 Mei

Nazungumza sasa. Sina lugha nyingine ya kusema hili. Leo nimemweleza Mama mkwe kwa Kiingereza namna nilivyomzaa Winfrida, kuanzia jioni hadi alfajiri, usiku ulivyojikokota na asubuhi ilivyotuponyoka. Mzee hakumkatiza. Nilipomaliza alimwambia mkewe kwa Kiswahili, "Atuganile, leo umenifurahisha sana."

Mama mkwe akajibu, "Ndaga," ahsante ya Kinyakyusa.

Jumamosi 16 Mei

Modesta amekuja mchana na mwavuli wake wa kijani. Nilikuwa jikoni, na ukuta ni uleule.

Amemwambia Mzee kwamba madaktari wa macho wamefika Mbeya. Wanakuja mara moja kwa mwaka. Jina lake lipo kwenye orodha, gari la zahanati linaondoka Jumatatu asubuhi na wagonjwa wanne, watakaa wiki mbili. Mzee amesema atakwenda mwakani. Modesta akamweleza polepole, kama anavyowaeleza wazee wote, kwamba mwakani huenda kusiwe na macho ya kutibu, kwani la kushoto limeanza kupata presha.

Mzee akasema, "Mwanangu, wiki mbili hizi nina kazi."

Modesta akauliza kazi gani, mtu asiyeona. Nikasikia mwavuli ukifunguliwa.

Naandika hili kwa aibu. Nilifurahi. Kabla sijafikiri chochote, moyo wangu uliruka, kwa kuwa siku zangu kumi na tatu za mwisho zilikuwa zimebaki salama. Nilimpa Mama mkwe maji ya kunawa, tukaendelea na somo, nikajibu vizuri, na sikusema neno.

Jumapili 17 Mei

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nabishana na nafsi yangu na nafsi ilikuwa inashinda. Ilisema mzee ana miaka sabini na mbili, ameshaona ya kuona. Ilisema ni yeye mwenyewe amechagua. Ilisema nyamaza siku kumi na mbili tu, utakuwa nesi na utamtibu yeye na wengine mia. Maneno matamu kweli. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekaribia kuyaamini.

Mchana mvua ilikata na somo likaanza. Mzee alikuwa akimfundisha Mama mkwe kumuuliza mgonjwa maumivu yameendelea kwa muda gani. Akasahau neno. Yeye, mkalimani, akakwama katikati ya sentensi, na nikamsikia anapapasa mkeka. Anatafuta miwani, ambayo haimsaidii tena. Akapapasa, akapapasa.

Nikasema, "Baba, nenda Mbeya."

Sikumwambia Mama mkwe. Nilimwambia yeye. Sauti ilipita ukutani kabla sijaizuia, na ilikuwa kubwa.

Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kanga, nikingoja niambiwe nimevunja nyumba ya watu. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye majani ya migomba na nayasikia mpaka sasa.

Baadaye Mzee akazungumza, kwa sauti ya chini.

"Atuganile, mwambie aliyesema kwamba nimesikia."

Mama mkwe akaniambia kwa kupaza sauti, ilhali tulikuwa umbali wa hatua mbili, "Amesikia."

Jumatatu 18 Mei

Mzee na Mama mkwe wameondoka kwenda Mbeya. Nilijifunika kanga jikoni hadi gari lilipopiga kona.

Alhamisi 21 Mei

Nafanya mazoezi peke yangu. Nakaa palepale na sufuria, uso ukutani, naongea. Ukuta hausahihishi. Winfrida ananitazama kama mama yake amerukwa na akili.

Jumatatu 25 Mei

Jirani amerudi kutoka Mbeya. Anasema Mzee amefanyiwa jicho moja, la pili ni kesho. Siku nne zimebaki. Naongea na ukuta asubuhi na jioni.

Ijumaa 29 Mei

Nimerudi. Acha niandike yote kama yalivyokuwa, nisijipendelee.

Nilitoka alfajiri kwa miguu, viatu mkononi, nikanawa miguu kwenye mfereji nilipoingia mjini. Tulikuwa wasichana kama arobaini, na mimi. Wengine niliwazidi miaka kumi na miwili. Mmoja aliniamkia shikamoo akidhani nimemsindikiza mdogo wangu.

Karatasi ya kuandika niliiona rahisi. Waliuliza umefanya nini tangu utoke shule. Niliandika kurasa mbili, na wakati wangu wote ulikuwa na miguu na mabawa. Nilicheka peke yangu pale mezani. Mzee alijua.

Kisha wa kuzungumza. Chumbani walikuwa wawili, mkufunzi aliyejitambulisha kama Sista Generosa, na daktari mzee mwenye mvi, Daktari Francis, mtu wa Bukoba. Daktari akanieleza kwamba tutaigiza. Yeye ni mgonjwa, mzee, macho yanamsumbua, mimi ni nesi. Niongee naye.

Wote walipewa mgonjwa, sikupendelewa wala kuonewa. Lakini mzee, na macho, na Kiingereza, vyote kwa pamoja! Nilianza. Nikamsalimu, nikamuuliza jina, nikamuuliza ugonjwa umejikokota kwa muda gani, nikamtuliza asiogope upasuaji, nikamwambia siku za bandeji zitapita upesi kuliko anavyodhani. Maneno yalikuja bila kutafutwa. Nilikuwa nafurahi. Namwapia Mungu, nilikuwa nafurahi nikijiwazia tayari nimevaa sare.

Nilipomaliza, Sista Generosa akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa Kiswahili, bila ukali, "Dada, mbona unauambia ukuta?"

Ndipo nikajiona. Nilikuwa nimekigeuza kiti. Mgongo wangu ulikuwa kwa daktari, na uso wangu ulikuwa hatua moja kutoka kwenye rangi nyeupe ya ukuta, na mikono mapajani kama imeshika sufuria.

Nikageuka. Nikajaribu tena. Daktari alikuwa ananitazama kwa upole, uso wake mbele yangu, mvi zake, na macho yangu yakaanguka sakafuni yakagoma kuinuka. Kiingereza kikaondoka chote. Nilijua kila neno na hakuna hata moja lililotoka. Wangeniuliza sababu kwa Kinyakyusa ningewaeleza. Hawakuniuliza.

Daktari akasema ahsante, tutakuandikia.

Jumatatu 1 Juni

Wamerudi. Anaona. Mama mkwe amenihadithia namna walivyomfungua bandeji, akamtazama yeye kitambo kirefu, akasema, "Kumbe umezeeka hivi." Mama mkwe amejivuna kwa hilo siku nzima.

Miwani yake mipya ni minene kama chini ya glasi, anasoma hata maandishi ya kwenye sabuni. Na mimi nimerudi kujificha kama zamani. Nafurahi kwamba anaona. Nafurahi kweli. Ila masomo yamekwisha, na sauti yake inapita ukutani ikiongea na watu wengine.

Ameulizia usaili. Nimemwambia Mama mkwe amwambie nilijaribu.

Jumanne 9 Juni

Baridi. Hakuna barua.

Jumatatu 15 Juni

Hakuna barua. Nimefua kila kitu cha nyumba hii, hata magunia.

Jumamosi 20 Juni

Mvua zimekwisha kabisa. Leo mlima umeonekana hadi kileleni.

Mzee alitoka kanisani kuchukua barua zinazopitia huko. Nilikuwa jikoni nikiwasha moto nilipomsikia akikaa barazani, na karatasi ikichanwa. Mama mkwe akamwambia asome kwa sauti. Akasoma, kwa ile sauti yake ya bomani, neno kwa neno, kwa Kiingereza. Barua ilikuwa mistari minne. Wanasikitika kunijulisha kwamba sikuchaguliwa. Kiingereza changu cha kuandika kilikuwa bora kuliko cha wote. Lakini nesi lazima aweze kumkabili mgonjwa uso kwa uso, na hilo sikuliweza. Kwa kuwa umri wangu unavuka kikomo, hakutakuwa na nafasi ya kuomba tena.

Nilisimama na kijinga cha moto mkononi. Nilifikiria Tunduma, kibanda, marobota. Nilifikiria mkono wa Modesta. Machozi hayakuja, kulikuwa na joto tu kifuani, lilelile.

Mama mkwe akauliza, "Wanasemaje?"

Nikamsikia Mzee anavuta pumzi. Yule aliyetafsiri kesi za watu bomani miaka yote ile na hakuwahi kushtakiwa kwa neno moja la uongo, akasema kwa Kiswahili, polepole, akichagua:

"Wanasema nafasi zimejaa. Wanasema alifanya vizuri sana. Wanasema asubiri, ajaribu mwakani."

Niliweka kijinga chini. Nikausogelea ukuta.

"Baba," nikasema, "usitafsiri. Nimeelewa."

Akajibu. Hakumtuma mtu, alinijibu mimi.

"Yote?"

"Yote, Baba."